Intaneti Inayokatika na Kurudi: Jinsi ya Kumjua Mchawi Kabla ya Kupiga Simu

Intaneti iliyokufa kabisa haimsumbui mtu sana. Taa nyekundu inawaka, unapiga simu, fundi anakuja, waya unaungwa, maisha yanaendelea. Inayotesa ni ile inayokatika na kurudi. Asubuhi inasuasua, usiku kikao cha Zoom kinaganda ukiwa umefumba jicho moja, halafu fundi akifika mlangoni kila kitu kinakwenda kama kawaida. "Mbona iko sawa, bosi?" Anaondoka zake. Hajafika barabarani, imekata.

Mwongozo huu ni wa tatizo hilo. Nyumba ninayoifikiria ni ya kawaida, ya Dar es Salaam au Nairobi: kuna faiba iliyovutwa kutoka kwenye nguzo, au rauta ya laini ya 4G au 5G iliyowekwa dirishani, na watu watano au sita wanaotumia kila mmoja na simu yake. Swali la kujibu ni moja tu: hitilafu iko kati ya kifaa chako na rauta, kati ya rauta na mtaa, au huko mbele kwa mtoa huduma? Ukilijibu kwa ushahidi, wa kukuzungusha kwenye simu hatapatikana.

Hatua ya 1: Usizime rauta kwanza

Najua mkono unawasha. Sote tumezoea kuchomoa, kusubiri kidogo, kuchomeka tena. Inasaidia mara nyingi, na ndiyo ubaya wake, kwa sababu ukichomoa unafuta ushahidi. Rauta nyingi za majumbani hupoteza kumbukumbu za matukio zikizimwa. Kwa hiyo kabla ya kugusa waya wowote, piga picha ya taa kwa simu yako.

Kwenye faiba, taa za kutazama ni mbili: PON na LOS. PON ikiwaka kijani bila kupepesa, mwanga wa faiba unafika na kifaa chako kimetambuliwa na mitambo ya mtoa huduma. PON ikipepesa muda wote, kifaa kinajaribu kujisajili na hakifanikiwi. LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki au umedhoofu mno. Hapo kuhamisha rauta au kubadili nywila ni kujichosha bure, ruka mpaka sehemu ya faiba hapa chini. PON ikitulia lakini taa ya intaneti imezima au ni nyekundu, waya ni mzima, na cha kuangalia ni malipo, akaunti yako au mitambo ya huko ofisini. Taa zote zikiwa sawa na bado hakuna kinachofunguka, endelea na hatua zinazofuata.

Kisha ingia kwenye ukurasa wa rauta. Fungua kivinjari, andika anwani iliyoandikwa kwenye stika chini ya rauta. Mara nyingi ni 192.168.1.1, 192.168.0.1 au 192.168.100.1. Tafuta neno "Uptime", yaani muda ambao rauta imekuwa imewaka mfululizo. Kama inasema dakika 25 na hakuna aliyeigusa tangu jana wala umeme haujakatika, basi rauta inajizima na kujiwasha yenyewe. Hapo mshuku umeme kabla ya kumshuku mtoa huduma.

Hatua ya 2: Andika saa

Karatasi na kalamu kwenye kabati la TV zinatosha. Kila ikikata, mtu yeyote wa nyumbani aandike saa, imekata kwa muda gani, na nini kilikuwa kikiendelea. Fanya hivyo siku kadhaa. Mara nyingi mpangilio utajionyesha wenyewe. Inayochoka kila siku kuanzia saa mbili usiku na kupona usiku wa manane ni msongamano. Inayokatika mvua ikinyesha au upepo ukivuma ina kiungo kibovu huko nje. Inayokatika mtu akipasha chakula kwenye maikrowevu ni Wi-Fi ya GHz 2.4, maana maikrowevu hutumia masafa hayohayo. Iliyokuwa nzuri mwanzoni mwa mwezi na ikawa konokono tarehe 20 huenda imegonga kikomo cha matumizi; vifurushi vingi vinavyouzwa kama "bila kikomo" vina kipengele cha kupunguza kasi ukishavuka kiwango fulani, na kipengele hicho kimeandikwa kwa herufi ndogo.

Hatua ya 3: Pima kwa waya

Hii ndiyo hatua ambayo watu wengi huiruka, na ndiyo inayoamua. Chomeka kompyuta kwenye rauta kwa waya wa mtandao, zima Wi-Fi ya kompyuta, kisha tumia intaneti kama kawaida. Huna kompyuta yenye tundu la waya? Azima kwa jirani. Ikiwa kwa waya ni shwari na kwa Wi-Fi inakatika, mtoa huduma hana kosa na kumpigia ni kupoteza salio.

Angalia waya wenyewe usije ukakudanganya. Waya wa gigabiti unahitaji nyuzi zote nane ziwe zinashika. Ukikatika uzi mmoja tu, au ukiwa umebanwa kienyeji na nyuzi nne, kasi haitavuka Mbps 100. Na usichanganye vipimo: kifurushi cha Mbps 20 kinapakua kama megabaiti 2.5 kwa sekunde, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Wengi wanaolalamika kwamba wameibiwa kasi wamesoma namba mbili zenye vipimo tofauti.

Hatua ya 4: Ping mbili kwa wakati mmoja

Kipimo cha kasi kinakupa picha ya sekunde chache. Tatizo la kukatika-katika linataka kitu kinachokesha. Kwenye Windows fungua "Command Prompt" mara mbili, madirisha mawili ubavu kwa ubavu. La kwanza andika:

ping -t 192.168.1.1

La pili:

ping -t 8.8.8.8

Dirisha la kwanza linaiuliza rauta yako "upo?" kila sekunde. La pili linauliza seva ya Google iliyo nje ya nyumba. (Weka anwani ya rauta yako kama ni tofauti. Kwenye Mac na Linux andika ping bila -t, itaendelea yenyewe.) Acha yakimbie jioni nzima, kwanza kwa Wi-Fi, siku nyingine kwa waya. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl na C, nayo itakujumlishia pakiti (vipande vya data) ngapi zimepotea.

Sasa soma. Kwa waya, rauta inapaswa kujibu ndani ya milisekunde 1. Kwa Wi-Fi nzuri, milisekunde 2 mpaka 10 hivi. Ukiona mistari ya dirisha la kwanza inaruka 3, 4, 280, 5, 600, kisha "Request timed out", hitilafu iko ndani ya nyumba yako, kati ya kifaa na rauta. Dirisha la kwanza likitulia huku la pili likijaa "Request timed out", tatizo limeanzia kwenye rauta kwenda nje: faiba, mnara au mtoa huduma. Madirisha yote mawili yakitulia lakini tovuti hazifunguki, karibu hakika ni DNS, kitabu cha kutafsiri majina ya tovuti kuwa namba. Hilo la mwisho ndilo rahisi kuliko yote: kwenye mipangilio ya DHCP ya rauta (sehemu inayogawa anwani kwa vifaa), weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8 kama DNS, hifadhi, kisha zima na washa Wi-Fi ya simu yako. Tumemaliza na DNS.

Kumbuka pia milisekunde za dirisha la pili siku ambayo mambo ni mazuri. Namba hiyo inatofautiana kati ya mtoa huduma na mtoa huduma, hivyo ya jirani isikusumbue. Jua ya kwako, ndipo utajua imepanda.

Ikiwa ni Wi-Fi

Fundi aliyekuja kufunga aliweka rauta pale waya ulipoingilia, kwa kawaida kona ya sebule, nyuma ya TV, wakati mwingine ndani ya kabati. Pale ni pazuri kwake, si kwako. Kuta zetu ni za matofali ya saruji na nguzo za zege zenye nondo, na mawimbi ya GHz 5 huchoka haraka kwenye vitu hivyo. Ukuta mmoja sawa, miwili shida, mitatu sahau. Kioo kikubwa cha kabati, friji na tangi la maji navyo ni vizuizi. Ihamishie rauta katikati ya nyumba, juu, wazi, hata kama itabidi ununue mita kumi za waya. Inashinda dawa nyingine zote na ni ya bei ndogo.

Rauta nyingi hurusha masafa mawili. GHz 2.4 hufika mbali lakini ina foleni. GHz 5 ina nafasi na kasi lakini inaishia chumba cha jirani. Zikiwa na jina moja, simu huamua yenyewe na mara nyingine hung'ang'ania ile mbovu. Wakati wa uchunguzi yape majina mawili tofauti, ujue unapima nini. Kwenye GHz 2.4 weka chaneli 1, 6 au 11 tu, upana MHz 20. Chaneli hizo tatu hazigongani. Anayechagua 3 au 8 anaziingilia mbili kwa pamoja. Programu za bure za Android za kuchambua Wi-Fi zitakuonyesha chaneli iliyolemewa na majirani. Kwenye ghorofa la wapangaji ishirini utaona msitu. Hapo peleka TV na kompyuta kwenye waya, na simu kwenye GHz 5.

Vile vidude vya kuongeza nguvu vinavyochomekwa ukutani havinifurahishi. Vingi hupokea na kurusha kwa redio ileile, hivyo kasi hupungua karibu nusu, na watu hukiweka ndani ya kile chumba kisicho na mawimbi, ambako nacho hakisikii kitu. Ukilazimika, kiweke katikati ya njia. Bora zaidi ni kuvuta waya mmoja wa Cat6 mpaka upande wa pili wa nyumba na kufunga hapo rauta ya zamani kama kituo cha pili.

Ila hapo kuna mtego. Rauta mbili zikiachwa zote zigawe anwani, simu moja itapata anwani kutoka kwa huyu, nyingine kwa yule, na utaona kituko cha intaneti inayofanya kazi kwa baba na kugoma kwa mtoto katika chumba kimoja. Kwenye ile ya pili badilisha anwani yake iwe, kwa mfano, 192.168.1.2, zima DHCP, na uchomeke waya kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani), si la WAN (la intaneti inayoingia).

Ukiwa humo, badilisha nywila na uzime WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. Kama nywila ni namba ya simu ya mwenye nyumba, mtaa mzima unaijua.

Ikiwa ni umeme

Rauta inayojizima yenyewe ina sababu tatu za kawaida: adapta iliyochoka, umeme usiotulia, au joto. Adapta huchoka taratibu. Ukiwasha rauta inawaka, lakini watu wakianza kuitumia inahitaji mkondo mkubwa zaidi, volti zinashuka, inazima na kuwaka tena, na mwenye nyumba anaapa ni mtandao. Jaribu adapta nyingine, lakini soma lebo: volti lazima zilingane kabisa, ampea ziwe sawa au zaidi, na mchoro wa chanya na hasi ufanane. Kama ya kwako imeandikwa 12V 1A, ya 12V 2A ni salama; ya 9V haifai hata kama kichwa chake kinaingia vizuri. Kuingia kichwa si hoja.

Kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, nunua UPS ndogo ya DC, yaani betri ya akiba, inayotoa volti za rauta yako. Kama una kiboksi cha faiba na rauta vikiwa vifaa viwili, vyote viwili vinahitaji kulishwa, vinginevyo rauta itabaki inawaka na intaneti hakuna. Radi zikianza, chomoa. Na usiiweke juu ya king'amuzi au chini ya bati bila dari. Shika mgongo wake saa nane mchana, kama huwezi kuuacha mkono hapo, ihamishe.

Ikiwa ni faiba

Kwenye ukurasa wa kifaa tafuta "Optical" au "Rx Power". Namba hiyo ni hasi, kwa dBm, kipimo cha nguvu ya mwanga; inavyokaribia sifuri ndivyo mwanga ulivyo na nguvu zaidi. Kwa mitandao ya GPON, aina ya faiba ya majumbani, vifaa vingi vimetengenezwa kupokea kati ya -8 na -27. Ukiwa -18 au -22, lala usingizi. Ukiwa -26 unaning'inia ukingoni: siku ya jua inafanya kazi, siku ya mvua inakata, na fundi akija siku ya jua anasema iko sawa. Chukua picha ya namba hiyo siku nzuri na siku mbaya. Tofauti ya dB 3 maana yake mwanga umepungua nusu.

Unachoweza kukagua mwenyewe ni kile kipande cha ndani. Fuata waya mwembamba, mara nyingi wa njano au mweupe, kutoka kwenye kifaa mpaka unapotokea ukutani. Haupaswi kukunjwa kwa kona kali, kubanwa na mlango, kupita chini ya mguu wa kochi wala kufungwa fundo ili "usionekane". Kama umekunjwa, ulegeze uwe duara pana, kisha uangalie namba ya dBm tena. Ukiona imetoka -27 kwenda -21, umempata mchawi. Waya uliopita darini una adui mwingine, panya.

Kichwa cha waya kwa kawaida ni cha kijani. Usikichomoe ovyo, maana vumbi dogo lisiloonekana kwa jicho linatosha kuharibu mwanga, na usikipanguse kwa fulana. Usichungulie ndani yake kabisa: mwanga wake ni wa leza na hauonekani kwa macho, kwa hiyo kutoona kitu si dalili ya usalama. Na kama kuna mtu amechomeka kichwa cha bluu kwenye tundu la kijani, mwombe fundi abadilishe. Vimekatwa kwa pembe tofauti, havikai pamoja.

Ulizia majirani pia. Faiba moja kutoka ofisini hugawanywa kwa nyumba nyingi, mara nyingi 32 au 64. Mkikosa nyote kwa pamoja, tatizo ni la mtaa. Ukikosa peke yako, ni waya wako kutoka kwenye nguzo.

Ikiwa ni rauta ya laini

Mistari ya mawimbi inayoonekana kwenye rauta inasema machache. Fungua ukurasa wake utafute RSRP (nguvu ya mawimbi) na SINR (usafi wake dhidi ya kelele). RSRP ya -85 dBm ni nzuri, -110 ni hoi. SINR ndiyo yenye siri: ikiwa juu ya 10 umepona, ikikaribia 0 mnara unasikika lakini umezungukwa na kelele za minara mingine. Zungusha rauta dirisha kwa dirisha, subiri dakika moja kila sehemu, andika namba. Upande usioutarajia unaweza kushinda. Madirisha yenye wavu wa chuma na nondo nyingi hupunguza.

RSRP na SINR zikiwa nzuri huku kasi inakufa kila jioni, mnara umejaa watu. Hakuna antena itakayotibu hilo. Jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye simu, mahali hapohapo, saa hiyohiyo ya msongamano, kabla hujanunua rauta mpya.

Mwizi wa nyumbani: kupakia

Hili linawatesa watu wengi na halitajwi. Saa mbili usiku familia imerudi, simu sita zinaingia kwenye Wi-Fi, na zote zinaanza kupakia picha na video za mchana kwenye hifadhi ya mtandaoni. WhatsApp nayo inatunza nakala. Njia ya kupakia ikijaa, rauta inapanga foleni ndefu, na hata ombi dogo la kufungua ukurasa linasubiri nyuma ya video ya harusi. Dirisha la pili la ping litakuonyesha: kutoka milisekunde 20 mpaka 900, kisha inashuka ghafla. Ili kuhakikisha, zima Wi-Fi kwenye simu moja baada ya nyingine huku ukitazama namba. Ikishuka, umemjua. Panga simu zipakie usiku wa manane, au kwenye mipangilio ya QoS ya rauta (ya kugawa kasi kati ya vifaa) weka kikomo cha kupakia kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya laini yako.

Wakati mwingine si wewe

Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Tanzania, Kenya, Uganda na jirani zao wakaumia kwa pamoja. Siku kama hiyo dalili zake ni za ajabu: baadhi ya tovuti na programu zinafunguka vizuri, nyingine zinazunguka tu. Mawasiliano yanayobadilishwa ndani ya nchi, kupitia vituo kama TIX cha Dar es Salaam na KIXP cha Nairobi, hayalazimiki kupita baharini, na vilevile video nyingi zinazotazamwa sana huhifadhiwa kwenye seva za karibu. Kabla ya kufungua rauta kwa bisibisi, muulize mtu wa mkoa mwingine anayetumia mtandao tofauti. Akilia kama wewe, pika chai.

Ukipiga simu

Usianze na "mtandao wenu mbovu". Sema hivi: "Nimepima kwa waya, si Wi-Fi. Rauta inajibu vizuri, lakini 8.8.8.8 inapoteza pakiti, jana saa mbili na dakika kumi mpaka saa tatu kasorobo usiku. Mwanga unasoma -27, wiki iliyopita ulikuwa -21. Nina picha." Mhudumu hatakuambia tena uzime na kuwasha. Omba namba ya malalamiko na uiandike palepale. Wakileta fundi, mwombe apime mwanga kwa kipimo chake mbele yako, kwenye kichwa cha ndani na kule kwenye nguzo. Namba mbili zikipishana sana, waya wa kati ndio wa kubadilishwa, na asiondoke kabla hujaona dBm mpya kwenye ukurasa wa kifaa chako.

Wakikuzungusha, peleka namba za malalamiko, tarehe na picha zako kwa msimamizi: TCRA kwa Tanzania, Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Utaulizwa kwanza kama ulishalalamika kwa mtoa huduma mwenyewe, na ile karatasi ya kwenye kabati la TV ndiyo itakayojibu.